Kawia Ufike: Somo juu ya Ndege Ndogo Ziangukazo Milimani



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo huenda wengine watasema kwamba si kazi ya wachungaji na wainjilisti, nalo ni habari za ndege ndogo za hewani, zile ambazo babu zetu waliziita eropleni, zinapoanguka milimani na kuua watu. Sisi hatukusomea urubani. Lakini wengi wetu tumepata kupanda ndege hizo, au tumesimama katika uwanja wa nyasi tukizingoja zituletee daktari, au dawa, au mgeni wa kanisa. Tena ndege ianguakapo na watu wetu wakiwamo, ni sisi tunaoitwa kuzika na kusema neno mbele ya wafiwa. Basi yatupasa kujua tunalolisema.

Kwa kawaida msibani husikika maneno matatu. Wa kwanza husema, "Ni amri ya Mungu, hapana zaidi." Wa pili hunong'ona, "Mlima ule umewakataa." Wa tatu husema, "Rubani alikuwa mjinga." Maneno hayo matatu ni mepesi kutamka, wala hayamfundishi mtu kitu, na kwa hiyo hayamwokoi mtu wa kesho. Tutazame kwanza mambo yenyewe yalivyokuwa, ndipo tuyapime maneno hayo.

1. Mambo yaliyotokea katika milima yetu

Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya abiria ya East African Airways iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Haikufika. Iligonga Kilimanjaro upande wa Mawenzi, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Ile haikuwa ndogo kama zile tunazozinena leo, ila twaanza nayo ili tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwetu.

Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi kuelekea Samburu. Iligonga mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, ambacho kimo chake ni mita 4,985. Walikufa watu 14: abiria 12, Wamarekani wa jamaa moja, wazee na watoto pamoja, na marubani wawili.

Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la anga la Kenya ilikwenda Marsabit. Safari hiyo ilikuwa njema kuliko nyingi. Mwaka uliotangulia, Julai 2005, watu wengi waliuawa huko Turbi katika ugomvi wa makabila, nao viongozi waliokuwa katika ndege hiyo walikuwa wakienda kutafuta amani. Walikuwamo wabunge, akiwamo Bonaya Godana, tena alikuwamo William Waqo, askofu msaidizi wa Kianglikana. Kilima cha Marsabit kilikuwa kimefunikwa na ukungu. Ndege iligonga kilima hicho ilipokuwa ikitafuta kutua, na katika watu 17 walikufa 14.

Tarehe 15 Novemba 2017 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Serengeti iliangukia Empakaai, katika nchi ya juu ya Ngorongoro, wakafa watu 11. Tarehe 5 Juni 2018 ndege nyingine ya namna ileile, iliyotoka Kitale kwenda Nairobi, ilipotea katika milima ya Aberdare, na watu wote 10 wakafa. Walitafutwa muda wa siku mbili, maana mawingu na mvua viliwazuia watafutaji.

Na tarehe 10 Juni 2024, huko Malawi, Makamu wa Rais Saulos Chilima na wenzake walisafiri kutoka Lilongwe kwenda Mzuzu, kwa ajili ya mazishi. Hawakuweza kutua Mzuzu, kwa maana hawakuweza kuuona uwanja vizuri; wakaambiwa warudi Lilongwe. Katika kurudi wakaanguka katika msitu wa Chikangawa, milimani Viphya. Watu wote 9 walikufa. Walikuwa wakienda kuzika, nao wakazikwa.

Hatusemi kwamba ajali hizi zote zilikuwa na sababu moja. Kila moja ina wachunguzi wake na taarifa yake. Lakini msomaji atazame mwenyewe: katika nyingi ya habari hizi upo mlima, lipo wingu au ukungu, na upo mwadi, yaani kuna watu mahali fulani wanaongoja. Mambo haya matatu yakikutana, hapo ndipo penye hatari.

2. Kwa nini mlima ni mgumu kwa ndege ndogo

Mlima hauna chuki na mtu. Uliumbwa kabla yetu, na desturi zake haziwi mpya kila siku. Mwenye kuzijua hupita kwa amani. Desturi hizo ni nne.

Kwanza, hewa. Kadiri tupandavyo juu, hewa inapungua. Katika kimo cha mita 5,500 hewa ni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Mtu apandaye Kilimanjaro hulijua hilo kwa kifua chake. Ndege nayo huona vivyo hivyo: injini nyingi za ndege ndogo hupungukiwa na nguvu, na mabawa hayapati hewa ya kutosha ya kuyainua. Joto nalo huongeza shida, maana hewa ya moto ni nyepesi. Uwanja ulio na kimo cha mita 1,700, ukipigwa na jua la digrii 30, kwa ndege ni kama uwanja wenye kimo cha zaidi ya mita 2,500. Ndege iliyopaa kwa urahisi saa moja asubuhi na mzigo wake, huenda saa nane mchana ikashindwa kuivuka miti iliyo mwisho wa uwanja. Tena mwanadamu mwenyewe, akikaa juu sana pasipo hewa ya kutosha, akili yake hulegea, na ubaya wake ni kwamba hajui kuwa imelegea.

Pili, upepo. Tazama maji ya mto yanapolipita jiwe kubwa. Upande yanakotoka, maji huinuka. Upande wa pili huporomoka na kuzunguka-zunguka. Upepo uvukao safu ya milima hufanya hivyohivyo. Ndege inayoujia mlima upande ule upepo unakoshukia husukumwa chini, na mara nyingine nguvu ya upepo hupita nguvu ya injini. Rubani huvuta usukani ili apande, naye huku anashuka. Kwa sababu hiyo marubani waliofundishwa vema huacha nafasi ya mita 600 au zaidi juu ya mgongo wa mlima kabla ya kuuvuka. Tena hawauendei moja kwa moja, bali huukaribia kwa mshazari, ili wakiona mambo yamebadilika waweze kugeuka upesi.

Tatu, wingu. Upepo wenye unyevu ukipandishwa na mlima hupoa, na unyevu wake huwa wingu. Kwa hiyo mlima hujitengenezea mawingu yake wenyewe. Sisi tukaao chini ya milima twajua: alfajiri kilele kinaonekana kama kimeoshwa, na kabla ya adhuhuri mlima umejitanda nguo. Nchi ya tambarare yaweza kuwa na jua kali, ilhali pito la mlimani limefungwa kabisa.

Nne, bonde. Hili wengi hawalifikiri. Tufanye hesabu kidogo. Ndege ndogo iendayo kilometa 185 kwa saa huenda karibu kilometa 3 kwa dakika moja. Tuseme kwamba katika kimo kile yaweza kupanda mita 150 tu kwa dakika. Kama sakafu ya bonde inapanda mita 300 katika zile kilometa 3, nchi inapanda upesi kuliko ndege. Rubani bado anaona mbingu mbele yake, bado injini inanguruma vizuri, na huku mlango unafungwa. Naye akitaka kugeuka arudi alikotoka, ndege hiyo, ikilala kwa pembe ya digrii 30, inahitaji upana wa karibu kilometa moja. Iendayo kwa mwendo wa kilometa 280 kwa saa inahitaji zaidi ya kilometa mbili. Katika mabonde yetu mengi upana huo haupo. Ndiyo maana rubani mwenye hekima hapiti katikati ya bonde, bali hushika upande mmoja, ili bonde lote libaki kuwa nafasi yake ya kugeukia.

3. Ndege nzima, isiyo na ila

Watu wengi hudhani kwamba ndege huanguka kwa sababu injini imezimika au bawa limevunjika. Mara nyingine ni hivyo. Lakini milimani ajali nyingi huja kwa njia nyingine: ndege ni nzima, injini inafanya kazi, rubani ameshika usukani wake, na ndege inapelekwa sawasawa mpaka inagonga mlima ambao hakuna aliyeuona. Ndege iendayo kilometa 185 kwa saa hupita mita 51 kila sekunde. Mwenye kuona mita 500 tu mbele yake katika ukungu, ana muda usiozidi sekunde 10 wa kuona, kufahamu, na kugeuka.

Kuna na hatari ya pili iliyomo katika wingu. Ndani ya sikio la mwanadamu mna maji kidogo yatuambiayo tumesimama wima au tumeinama. Katika wingu, macho yakikosa kuona nchi, sikio humdanganya mtu. Hudhani anakwenda sawa, kumbe ndege imelala ubavu na inashuka. Mwaka 1954, katika chuo kikuu cha Illinois huko Marekani, walijaribiwa marubani 20 ambao hawakuwa wamefundishwa kuongoza ndege kwa kutazama vyombo tu. Walizuiwa wasione nje. Wote walishindwa kuitawala ndege, na kwa wastani walishindwa baada ya sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia. Hawakuwa wajinga. Masikio yao yalikuwa kama yetu.

Fundi mmoja mzaliwa wa Kanada, Don Bateman, alitumia maisha yake kutengeneza chombo cha kumwonya rubani kwa sauti kwamba ardhi iko karibu. Katika ndege kubwa za abiria chombo hicho kimeokoa watu wengi, na ajali za namna hii zimepungua sana. Lakini ndege ndogo nyingi hazina chombo hicho. Tena hata ikiwa kipo, chombo hupiga kelele tu. Anayegeuza ndege ni mtu.

4. Maradhi ya kutaka kufika

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Ikiwa desturi za mlima zajulikana, na marubani hufundishwa, mbona watu huingia katika wingu? Marubani wenyewe wana jina la dhihaka kwa jambo hili: huliita maradhi ya kutaka kufika. Mtu amekwisha safiri nusu ya njia, anangojewa, abiria wake ni wakubwa, jana alirudi, leo ataona haya kurudi tena. Kila hatua anayoongeza humfanya azidi kuona ugumu wa kurudi. Maradhi hayo hayamshiki rubani peke yake. Mara nyingi huambukizwa na sisi.

Tutaungama jambo letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukihudumu katika mtaa ulio nyuma ya safu ya milima. Hospitali ilikuwa mbali, na njia ya gari wakati wa masika ilikuwa matope matupu. Tulikuwa na uwanja wa nyasi, ambao vijana wa usharika waliufyeka kila mwezi na kuwafukuza mbuzi. Siku moja mama mmoja alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Muuguzi akaomba ndege kwa simu, kisha akarudi mbio kwa mgonjwa, akatuachia simu mkononi. Rubani akauliza, "Mchungaji, pito la mashariki mnaliona?"

Tulitazama. Wingu lilikuwa limelala juu ya pito kama blanketi. Ndani ya nyumba tulisikia yule mama akilia. Tukajibu, "Hali si mbaya. Njoo."

Baada ya nusu saa tulisikia mlio wa injini ng'ambo ya mlima. Ukakaribia, ukazunguka, kisha ukafifia. Ndege imerudi. Tukampakia mama garini, tukasafiri usiku kucha, vijana wakisukuma gari katika matope. Mama alifika akiwa hai. Mtoto hakufika hai.

Wazee walinung'unika kwamba rubani yule ni mwoga. Na sisi, tuliojua lile tulilolisema katika simu, tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kama kunung'unika pamoja nao.

Majuma mawili baadaye rubani alikuja asubuhi, mbingu zikiwa safi, akaomba apelekwe kwa wafiwa. Alikuwa kijana. Akakaa juu ya kigoda mbele ya babu wa mtoto, akaeleza: "Mzee, niliingia bondeni kwa kuwa niliambiwa pito liko wazi. Nilipofika penye kona, wingu lilikuwa linagusa miti. Nilikuwa nimeshika ubavu wa kulia, nikapata nafasi ya kugeuka. Ningalikuwa katikati, nisingaliipata."

Yule mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, tulikununia. Utusamehe. Mjukuu wetu hatukumpata, na kilio chetu hakijaisha. Lakini ungalikuja kwa kulazimishwa, tungalikulilia na wewe, na mama yako angalilia, na binti yangu angalizikwa pamoja nawe." Kijana akajibu, "Mzee, na mimi nililia njiani."

Hakuuliza ni nani aliyeshika simu siku ile. Tulimwambia wenyewe, mbele ya wazee. Ilikuwa vigumu kuliko mahubiri yoyote tuliyopata kuyasema.

Ndugu zetu, tazameni: huruma yetu ilikuwa ya kweli, na haja ya yule mama ilikuwa ya kweli. Lakini kazi njema haiondoi ukungu. Wale waliokwenda Marsabit walikuwa na kazi ya amani, na kilima hakikusogea kwa ajili ya amani. Huko New Guinea, mwaka 1951, Harry Hartwig, rubani wa chama cha MAF aliyekuwa akiihudumia misheni ya Kilutheri, alikufa milimani katika ndege yake ndogo, mwaka uleule alioianza kazi hiyo. Utumishi wa mtu hauibadili hewa, wala hauipanui nafasi ya kugeukia. Bwana wetu alipowekwa juu ya kinara cha hekalu, akaambiwa ajitupe kwa kuwa malaika watamchukua, alikataa. Kuingia katika wingu kwa kusema "Mungu atatulinda, maana tuko kazini mwake," ni kulikubali lile alilolikataa yeye.

5. Yatupasayo sisi tulio chini

Mtu asiseme, "Mimi si rubani, somo hili halinihusu." Tulio chini tunazo kazi zetu, nazo ni hizi.

(a) Tukiulizwa habari za mawingu, tuseme tunaloliona, si tunalolitaka. Maneno "hali si mbaya" hayafai kitu. Afadhali usharika uchague alama: mti fulani ulio mbali kilometa mbili, kilima fulani kilicho mbali kilometa nane, na pito la mlima. Mwulizwaji ajibu, "Mti nauona, kilima nakiona, pito silioni." Hapo rubani amepata kitu cha kupima.

(b) Mizigo ipimwe kwa mizani, na uzito usemwe kweli. Mgeni apewapo mkungu wa ndizi na gunia la maharage wakati wa kuaga, ni upendo. Lakini ukiingizwa ndegeni kwa siri, upendo huo unaondoa mita kadhaa za kupanda, na huenda mita hizo ndizo zilizotakiwa mlimani.

(c) Safari ziwekwe asubuhi. Sherehe isipangwe hivi kwamba mgeni hana budi kuondoka saa tisa alasiri, hewa ikiwa ya moto na mawingu yamejaa. Heri hotuba zipunguzwe, au mgeni alale.

(d) Kila safari ya milimani iwe na siku ya pili ya akiba. Mwenye siku moja tu amekwisha kumfunga rubani wake kamba.

(e) Rubani asemapo "Leo hatuendi," au "Turudi," tumshukuru palepale, mbele ya watu, hata kama ni askofu anayengojewa. Aliyeshukuriwa leo kwa kurudi hataona haya kesho. Aliyechekwa leo, kesho atajaribu. Tena kurudi kuna saa yake: mwenye kugeuka kabla ya kuingia bondeni anageuka kwa urahisi, lakini mwenye kungoja mpaka mwisho wa bonde huenda asipate mahali pa kugeukia.

(f) Tukisikia mlio wa ndege ukikatika mlimani, au tukiona moshi, tuangalie saa, tukumbuke upande, tupeleke habari upesi kwa polisi na kwa serikali ya kijiji. Wenyeji waijuao misitu mara nyingi ni msaada mkubwa kwa watafutaji. Waliojeruhiwa wasaidiwe kwanza. Lakini vipande vya ndege visichukuliwe wala kusogezwa, maana wachunguzi huvisoma kama sisi tusomavyo maandishi, na maandishi hayo huokoa wengine.

6. Neno la kusema msibani

Sasa turudi kwa yale maneno matatu tuliyoanza nayo.

Asemaye kwamba mlima umewakataa, tumweleze kwa upole habari za hewa na upepo na wingu. Mlima haukukataa mtu. Ulifanya kama ulivyofanya jana.

Asemaye kwamba rubani alikuwa mjinga, tumkumbushe wale 20 wa mwaka 1954, tena tumwulize: nani alimngoja? Nani alimharakisha? Nani alimwambia "Hali si mbaya"? Wachunguzi wapewe nafasi ya kumaliza kazi yao, na mjane wa rubani akae matangani pamoja na wajane wengine, asitengwe.

Na asemaye kwamba ni amri ya Mungu, hapana zaidi, huyu naye tumjibu kwa unyenyekevu. Sisi twaamini kwamba hakuna afaye nje ya mkono wa Mungu. Lakini Bwana wetu alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, hakuruhusu mtu kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, bali aliwageuzia neno wale waliobaki hai. Ndivyo itupasavyo. Marehemu tusiwahukumu, tulio hai tugeuke. Mbele ya wafiwa twaweza kusema hivi: "Ndugu zetu wamekufa, nasi tunalia. Sababu zitatafutwa, na zikijulikana tutazishika, ili kifo chao kiwafundishe wengine kuishi." Neno hilo ni kweli, wala halimjeruhi mtu.

Wahenga walisema, "Kawia ufike." Waliwaambia wasafiri wa miguu na wa majahazi, nalo lawafaa vilevile wasafiri wa angani. Mwenye kukawia hufika. Na siku nyingine mwenye kukawia hawahi, kama tulivyokuta sisi usiku ule wa matope, na uchungu wake hauna dawa ya haraka. Hata hivyo heri tubebe uchungu huo kwa kweli, kuliko kumwita mtu aingie katika wingu kwa neno la uongo.

Maswali ya kuzungumza katika mafundisho

1. Taja desturi nne za mlima zinazoishinda ndege ndogo. Ni ipi mnayoiona kwa macho yenu hapo mlipo?

2. Kwa nini rubani hapiti katikati ya bonde?

3. Je, usharika wenu una uwanja wa ndege karibu? Chagueni alama tatu ambazo mtu aweza kuzitumia kueleza jinsi anavyoona mbali.

4. Mchungaji aliyeshika simu alitenda kwa huruma. Kosa lake lilikuwa nini, na angejibuje?

5. Ni mambo gani mengine, si ya ndege tu, ambayo maradhi ya kutaka kufika yanatuharibia: katika safari za magari, katika mitumbwi, katika ujenzi wa makanisa?

6. Rubani, dereva au nahodha akisema "Turudi," ninyi huwa mwajibu nini?